Chombo Hutengenezwa Kikiwa Nchi Kavu

Mto Athi, upitao kati ya Kitui na Makueni, huishia baharini. Ukisha kukutana na Mto Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, na humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Wakulima wengi wa Kanyangi waujua mto huo, bali mambo ya vyombo vya tanga ni wachache wayajuao. Karani mmoja, mwenyeji wa huko, aliyaona alipohamishiwa Lamu, naye akapata funzo ambalo laiti angalilipata mapema.

Kabla ya uhamisho huo alifanya kazi mjini Kitui, na shamba la marehemu baba yake lilikuwa juu yake. Ukambani, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zitegemewazo zaidi, na apandaye siku za kwanza humshinda mbali yule achelewaye. Mvua iliponyesha, plau yake ilikuwa imelala chini ya mgunga tangu mavuno. Nati zilishikwa na kutu zisifunguke, na nira ililiwa na mchwa. Alizunguka siku tisa akitafuta fundi na akiomba kuazima. Lakini ni jirani gani atoaye plau yake wakati ardhi imelowa? Alipopanda yeye, wenzake walikuwa wakipalilia. Mvua ikakatika mahindi yake hayajatoa hata magunzi. Mama yake alikula chakula cha dukani mwaka ule, asimlaumu mwanawe hata kwa neno moja, na kimya hicho kilimchoma kuliko lawama.

Basi alifika Lamu mwezi wa Juni. Kusi huanza kuvuma Aprili, na Juni na Julai huwa kali. Zamani majahazi makubwa ya Arabuni yaliyokuja na kaskazi yalirudi kwao kusi ilipoanza, na bahari ilipochafuka wenye vyombo walivipumzisha. Ulaya vyombo vya tanga hupandishwa nchi kavu kwa sababu ya baridi kali ya Desemba na Januari. Pwani ya Afrika ya Mashariki kinachovipandisha ni upepo.

Karani alikuta jahazi moja limepandishwa ufukoni. Lilikuwa limeletwa wakati wa bamvua, maji yajaapo sana, ili maji yakitoka libaki pakavu. Farumi ilikwisha kutolewa ili liwe jepesi, na magadi yamewekwa kila upande lisilale. Tanga lilikuwa limeshushwa, likaoshwa kwa maji baridi kuondoa chumvi, likaanikwa hata likakauka kabisa kabla ya kukunjwa, kwa maana tanga likunjwalo na unyevu huoza. Mafundi walikuwa wakikwangua chaza ubavuni, kisha wakapitisha moto wa makuti makavu chini ya chombo ili kuwaua wadudu watobolao mbao.

Alimwona nahodha, mtu mzima sana, aking'oa pamba katika maungio ya mbao ambayo kwa macho yalikuwa mazima.

“Shikamoo, mzee. Mbona waharibu palipo pazima?”

“Marahaba, mwanangu. Pazima kwa macho yako. Bahari haimngoji mtu atafute pamba.”

Siku zilizofuata karani alizoea kupita hapo atokapo kazini. Aliona jinsi pamba mpya iliyolowekwa mafuta ishindiliwavyo kwa patasi na nyundo. Kazi hiyo ndiyo kalafati. Misumari iliyolika ilitolewa, na mipya ikazungushiwa pamba yenye mafuta kabla ya kupigwa, maji yasipate njia. Sehemu ikaayo ndani ya maji ilipakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, na mbao za juu zikapakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, ambayo harufu yake humfikia mtu kabla hajaliona jahazi. Mwisho chombo kilifunikwa makuti, kwa kuwa mbao zikikaushwa mno na jua hupasuka. Hapakuwa na haraka yoyote katika kazi hiyo, wala hapakuwa na siku iliyopotea bure.

Karani alitambua kwamba miezi ile ile ambayo Lamu hupumzisha vyombo, Kanyangi hupumzisha plau. Tofauti ni kwamba nahodha hupumzisha kwa kutengeneza, na yeye alipumzisha kwa kutupa.

Alipopata likizo mwezi wa Agosti alirudi nyumbani. Aliifungua plau nati kwa nati, akaisugua kutu, akaipaka mafuta, akanunua jembe jipya badala ya lile lililolika. Nira alichonga mpya, akaitundika darini mbali na mchwa, na mnyororo akaukagua pete kwa pete. Majirani walimcheka kwa kuhangaika na plau wakati wa jua kali.

Mvua ya kwanza iliponyesha usiku, mdogo wake alifunga maksai kabla ya jua kupanda. Mama alisimama mlangoni akitazama mifereji ya udongo mweusi ikifunguka, akasema tu, “Mwaka huu tumewahi.”

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkulima mwenye plau chini ya mti na aiangalie leo, mawingu yangali mbali.