Bahari Iliyokataa Kuganda

Kope zangu zilishikana kwa jalidi kabla sijafika gatini. Ni Machi, Longyearbyen, nyuzi 78 kaskazini ya ikweta, na bahari iliyo mbele yangu haina hata kipande cha barafu. Maji ni meusi, yanafuka mvuke.

Yametoka mbali. Ni kitawi cha mkondo wa Ghuba kilichopanda Atlantiki, kikapita pwani ya Norwei hadi hapa magharibi mwa kisiwa cha Spitsbergen, joto lake halijaisha. Mashariki ya kisiwa hiki hiki hushuka mkondo mwingine, wa baridi kali, ukisukuma barafu kutoka Aktiki.

Mwenyeji wangu, mzee aliyewahi kuchimba makaa ya mawe (mji huu ulizaliwa na makaa, mwaka 1906), alininyooshea kidole ng'ambo ya hori. Zamani wakazi walikatiza juu ya barafu kwa pikipiki za theluji. Tangu majira ya baridi ya 2006 maji ya uvuguvugu yamekuwa yakiingia hori hii ya Isfjorden kwa wingi, na sasa wanazunguka kwa nchi kavu. Barafu imeliwa kutoka chini, jambo ambalo sisi tuliozoea habari za joto la hewa hatulifikirii sana.

Tukazunguka hadi Tempelfjorden, pembe ambako barafu bado hushika. Ukingoni, juu ya barafu changa, jalidi ilikuwa imechanua vishada vyeupe. Nilichuma kimoja nikakilamba: chumvi kali kuliko ya bahari yenyewe! Maji yakiganda huitema chumvi. Kidogo hupanda juu na kuchanua hivi. Iliyo nyingi hushuka, na maji yanayoipokea huwa mazito, yakazama. Katika bahari za Norwei na Greenland, kuzama kwa maji baridi yenye chumvi ndiko kunakovuta maji ya joto kutoka kusini, huku yaliyozama yakirudi huko kupitia kilindini. Maji matamu ya barafu ya Greenland inayoyeyuka huyapunguzia uzito maji hayo yanayopaswa kuzama. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, inaona uwezekano mkubwa sana kwamba mzunguko huo utadhoofika karne hii.

Jua nalo lina lake. Barafu yenye theluji hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga. Bahari tupu, takriban asilimia 6. Inayobaki hugeuka joto, na barafu ya msimu ujao huchelewa.

Mzee alitoboa shimo kwa keekee, akapima unene, akatikisa kichwa. Pikipiki zikabaki nchi kavu.