Kiti Kitupu cha Reykjavík

Tarehe 1 Julai 1972, wageni waheshimiwa walikusanyika katika Jumba la Taifa la Tamthilia mjini Reykjavík, mji mkuu wa kisiwa cha Iceland, kufungua rasmi pambano la kuwania ubingwa wa dunia wa sataranji, mchezo ambao wengi siku hizi huuita chesi. Boris Spassky, bingwa wa dunia, raia wa Umoja wa Kisovieti, alikuwa amekaa mahali pake kwa adabu na utulivu. Kiti cha mpinzani wake, Robert Fischer wa Marekani, kilikuwa kitupu.

Kisiwa hicho, ambacho wakati huo kilikuwa na watu laki mbili na ushei na riziki yake kubwa ilitoka baharini, kilikuwa kimejitwika ugeni mzito kuliko umbo lake. Ukumbi wa Laugardalshöll ulikuwa tayari, ubao umeandaliwa, na waandishi wa habari wamefika kutoka pande zote za dunia. Mwenye karamu huona fahari wageni wakitimia; lakini kumngoja mgeni asiyesema kama anakuja au haji ni mtihani wa namna nyingine.

Ubishi juu ya pambano hilo ulikuwa umeanza zamani. Tangu mwaka 1948 taji la dunia halikuwahi kutoka mikononi mwa Wasovieti: lilipita kwa Botvinnik, Smyslov, Tal na Petrosian, hata likamfikia Spassky mwaka 1969. Kisha akazuka huyu Mmarekani. Mwaka 1971, katika michezo ya mchujo, alimshinda Mark Taimanov mjini Vancouver kwa sita bila. Akaenda Denver, akamshinda Bent Larsen wa Denmark vilevile, sita bila. Katika daraja hiyo ya wachezaji, ambako sare ni jambo la kila siku, ushindi wa namna hiyo uliwashangaza hata mabingwa wenyewe. Petrosian, aliyesifika kwa ugumu wa ngome yake, alijitahidi zaidi huko Buenos Aires, lakini naye akaanguka kwa pointi sita na nusu kwa mbili na nusu.

Basi waliompa Fischer ushindi hawakukosa hoja. Walitaja pia hesabu ya viwango: Fischer alikuwa na 2785, Spassky 2660, na pengo hilo si dogo. Waliomtetea Spassky nao walikuwa na jibu fupi. Wawili hao walikwisha kutana mara tano. Spassky alishinda mara tatu, mara mbili wakatoka sare, na Fischer hakuwahi kumshinda hata mara moja. Hesabu zote mbili zilikuwa za kweli, na hapo ndipo ulipokuwa utamu wa ubishi. Isitoshe, zama zile zilikuwa za vita baridi baina ya dola mbili kubwa, na watu wasiojua hata kete husogezwa vipi walikwisha kuchagua upande.

Lakini ulipoingia mwezi wa Julai, swali la nani atashinda lilifunikwa na swali jingine: je, Fischer atakuja? Alikuwa akidai sehemu ya mapato ya mlangoni, juu ya zawadi ya dola 125,000 iliyokwisha kuahidiwa. Rais wa Shirikisho la Sataranji la Dunia, Max Euwe, aliyepata kuwa bingwa wa dunia yeye mwenyewe, aliahirisha mchezo wa kwanza kwa siku mbili. Tajiri mmoja wa Uingereza, Jim Slater, akatoa pauni 50,000 na kuifanya zawadi kuwa maradufu. Henry Kissinger, mshauri wa Rais wa Marekani, akampigia Fischer simu kumhimiza. Tarehe 4 Julai, Fischer akatua Iceland.

Upande wa Spassky ulidai radhi, na Fischer akaiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mchezo wa kwanza ukachezwa tarehe 11 Julai. Ulikuwa ukielekea sare ya amani, mara Fischer akamla askari wa pembeni kwa kete ya askofu, na kete hiyo ikanaswa isitoke tena. Akashindwa. Kisha akalalamikia kamera za filamu, na siku ya mchezo wa pili hakutokea ukumbini. Mwamuzi mkuu, Mjerumani Lothar Schmid, aliiwasha saa ya Fischer. Dakika sitini zikapita mbele ya kiti kitupu, na pointi ikaandikwa kwa Spassky. Mbili bila.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Pambano lilikuwa la michezo 24, na bingwa angebaki na taji lake akifikisha pointi 12. Kwa maneno mengine, Spassky alihitaji pointi kumi tu katika michezo 22 iliyosalia. Zaidi ya hayo, alikuwa na njia iliyo nyepesi kuliko hiyo: kufunga mizigo na kurudi kwao. Baada ya yote yaliyotokea, ni wachache ambao wangethubutu kumlaumu. Wakuu wa michezo mjini Moscow walimsukuma kwa simu afuate njia hiyo. Spassky akakataa. Alikuja kucheza, na angecheza. Si hivyo tu: Fischer alipotaka mchezo wa tatu uchezwe katika chumba kidogo nyuma ya jukwaa, mbali na watazamaji na kamera, Spassky akakubali hilo nalo.

Katika chumba hicho, tarehe 16 Julai, Fischer aliucheza mchezo uliompa ushindi wake wa kwanza maishani dhidi ya Spassky. Tangu hapo upepo ukageuka.

Wajuzi wengi wamesema, na wangali wakisema, kwamba kule kukubali kuingia chumbani ndiko kulikompotezea Spassky ubingwa. Kwamba alimpa adui upanga, akamfundisha na pa kukata. Kwa hesabu ya ubaoni, pengine wanasema kweli. Lakini hesabu hiyo inasahau jambo ambalo wapenzi wa ushairi walilijua kabla ya wacheza sataranji. Katika malumbano, mshairi akitunga fumbo hungoja mwenzake alifumbue. Asipojibiwa, hakushinda, amebaki tu na fumbo lake, akisema peke yake kama mtu anayezungumza na ukuta. Thamani ya shairi lake hutokana na jibu, na jibu likiwa kali zaidi ya swali, hata swali nalo hupanda daraja. Spassky alilifahamu hilo. Taji ambalo angerudi nalo Moscow bila ya kucheza lingekuwa fumbo lisilojibiwa.

Na jibu lilikuja. Tarehe 23 Julai, katika mchezo wa sita, Fischer aliiacha hatua aliyozoea kuanzia na kufungua kwa njia nyingine. Akacheza mchezo safi usio na pupa, kila kete ikijua mahali pake kama mizani katika ubeti uliokamilika. Ulipomalizika, ukumbi ulilipuka kwa makofi, na Spassky, mwenye kushindwa, akajiunga na watazamaji kumpigia makofi mpinzani wake. Mtu angeweza kupekua historia ya ubingwa huo wote asipate dakika tukufu kuliko hiyo.

Haikuwa adabu tupu hadi mwisho. Mwezi wa Agosti wasaidizi wa Spassky walidai kwamba huenda Wamarekani walikuwa wakimdhuru bingwa kwa vyombo vya umeme au kemikali. Viti vikapigwa picha za eksirei, taa zikafunguliwa. Kilichopatikana ni nzi wawili waliokufa. Tarehe 31 Agosti mchezo wa 21 uliahirishwa, na siku ya pili yake, tarehe 1 Septemba, Spassky alimjulisha mwamuzi kwa simu kwamba amekubali kushindwa. Fischer alikuwa bingwa wa dunia kwa pointi 12 na nusu kwa nane na nusu. Siku hiyohiyo sheria mpya ya Iceland ilianza kutumika, ikisogeza mpaka wake wa uvuvi hadi maili 50 za baharini. Wageni walipokuwa wakihesabu pointi, wenyeji walikuwa na hesabu yao nyingine, ya samaki na ya mkate wa watoto wao, na mgogoro na Uingereza ulikuwa mlangoni.

Miaka mitatu baadaye kiti kitupu kilirudi. Mwaka 1975 Fischer alitakiwa kulitetea taji lake mbele ya Anatoly Karpov. Masharti yake yote hayakukubaliwa, naye hakucheza. Karpov akawa bingwa bila ya kusogeza kete moja. Hakuwa na kosa lolote, lakini ilimbidi ashiriki mashindano mengi ili kuithibitishia dunia kwamba taji lake ni taji kweli. Kile ambacho Spassky alikataa kukipokea mwaka 1972, mwenzake alikipokea kwa kulazimika, na akakilipia kwa miaka.

Fischer mwenyewe alizama katika upweke, na maneno ya chuki aliyoyatoa baadaye hayana mtetezi. Mwaka 1992 alicheza tena na Spassky nchini Yugoslavia, nchi iliyokuwa imewekewa vikwazo, na Marekani ikatoa hati ya kumkamata. Alipokamatwa nchini Japani mwaka 2004, Spassky alimwandikia Rais wa Marekani akiomba huruma. Na kama huruma haipatikani, basi naye akamatwe, wawekwe chumba kimoja, na wapewe ubao wa sataranji.

Iceland ndiyo iliyomwokoa kwa kumpa uraia mwaka 2005. Alifariki mjini Reykjavík tarehe 17 Januari 2008, akazikwa kando ya kanisa dogo la Laugardælir. Spassky alifariki tarehe 27 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 88.

Ubishi wa nani alikuwa bora ulikwisha kwa namba, na namba zilimpa Fischer. Lakini pambano halikufanywa na Fischer peke yake. Lilifanywa pia na mtu aliyekaa mbele ya kiti kitupu, mkononi mwake akiwa na kila sababu ya kuondoka, akangoja. Na miaka 32 baadaye, mtu huyohuyo aliomba kufungwa chumba kimoja na yule aliyemvua taji, mradi tu ubao uwepo kati yao.