Kisu cha Baba Kimepata Mwenyewe



Ndugu zangu wasomaji, leo naomba tuzungumze juu ya kitu kidogo sana: kisu cha kukunja. Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, alikinunua sokoni hapa Buyenzi, Bujumbura, katika miaka ya 1970. Ni Okapi, mpini wa mbao, na ubavuni kina mwezi na nyota za bati zilizopigwa kwenye mti. Ukikifungua kinalia kra-kra-kra, na hakikunjiki mpaka uvute pete yake. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe katika makoloni ya Afrika, na Burundi yetu ilikuwa mojawapo. Tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Jina ni la mnyama wa msitu wa Ituri, jirani zetu wa Kongo.

Baba alipofariki, kisu hakikuwa changu kwa sababu tu mimi ndiye niliyekikuta mfukoni mwake. Mali ya marehemu, iwe nyumba au sindano, ni haki ya warithi wote, baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia. Tulikaa na ndugu zangu, wakaridhia nikichukue. Nikakitumia miaka mingi: machungwa, kamba, penseli za watoto. Baadaye kazi yangu ikawa ya mezani, kisu kikakaa kabatini, kikaanza kushika kutu.

Nina rafiki yangu wa tangu madrasa. Kazi yake ni kushona nyavu za dagaa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Uzi alikuwa akiukata kwa kipande cha wembe, na vidole vyake vinaeleza habari hiyo. Alipopata kazi Kigoma na kuanza kufunga mizigo, niliamua kumpa kisu cha baba.

Mwanangu mkubwa hakufurahi. Akasema, "Baba, si umnunulie kipya? Hiki ni kumbukumbu ya babu. Na mimi utaniachia nini?"

Swali lake lilikuwa zito, wala sikumkemea. Kisu kipya ningeweza kununua. Lakini Qur'ani, katika sura ya Aal-Imran aya ya 92, inatufundisha kwamba hatutaufikia wema mpaka tutoe katika vile tunavyovipenda. Aya hiyo iliposhuka, Abu Talha (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akaitoa Bayruha, bustani aliyoipenda kuliko mali yake yote, na Mtume akamwelekeza aigawe kwa jamaa zake. Hakutafuta bustani nyingine ya bei nafuu. Nikamwambia mwanangu: "Babu yako kisu hiki alikiazima mtaa mzima. Jirani akigonga usiku anataka kukata kamba, babu anatoa mfukoni. Hilo ndilo ninalokuachia." Alinyamaza. Kesho yake nilimkuta anasugua kutu kwa majivu na kupaka mafuta, bila kutumwa.

Kikwazo cha pili kilitoka kwa shangazi ya rafiki yangu. Bibi yule aliposikia alisema, "Wanangu, kisu hakipewi rafiki, kinakata urafiki. Akupe walau sarafu moja, ionekane amenunua." Mila hiyo ipo kwa watu wengi wa Ulaya, na huku kwetu wapo walioiokota. Nilimjibu kwa adabu: "Shangazi, sisi tumekatazwa kuamini mikosi." Mtume (s.a.w.) aliikataa tiyara, yaani kuona nuksi katika ndege, siku au kitu, na akapenda fali, neno jema. Urafiki hukatwa na usengenyaji, deni lisilolipwa na ahadi za uongo. Chuma hakina habari. Bibi akacheka, akasema, "Basi semeni neno jema." Tukaomba dua pale pale.

Adabu za kisu, hata hivyo, zipo. Mtume (s.a.w.) alikataza kupeana upanga ukiwa nje ya ala, na akaonya vikali mtu kumwelekezea nduguye chuma, hata kwa mzaha. Sisi tulioishi katika vita vilivyoanza mwaka 1993 tunalielewa onyo hilo bila ya kufafanuliwa. Kwa hiyo nilimkabidhi kikiwa kimekunjwa, kwa mkono wa kulia. Wazazi, wafundisheni watoto hivyo hivyo hata kwa kisu cha jikoni. Na anayechinja akumbuke kwamba kunoa makali vizuri ni katika ihsani tuliyoamrishwa kwa mnyama.

Rafiki yangu alikifungua, akasikiliza mlio wake, akasema, "Kaka, huyu ni mzee kabisa namsikia." Kisha akaongeza, "Sitakiweka. Nitakifanyisha kazi." Sikuhitaji shukrani nyingine.

Imebaki sehemu yangu, na ndiyo ngumu zaidi kuliko kutoa: kutokuuliza. Kikipotea ziwani, kikivunjika, akimpa mtu mwingine, ni chake. Sura ya al-Baqara, aya ya 264, inatuonya tusiziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi, na Mtume (s.a.w.) amemfananisha anayerudia zawadi yake na mbwa anayerudia matapishi yake. Tunapoongea kwa simu namuuliza afya, watoto na dagaa. Habari za kisu akitaka atanipa mwenyewe.

Ndugu zangu, na nyinyi wanafunzi mnaofungasha kwenda mbali, angalieni makabatini. Kuna kitu kizima mnachokipenda, na kuna mtu anayekihitaji leo. Mpeni kingali kinafanya kazi.

Allah atukubalie tunayotoa, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na adumishe mapenzi baina yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.