Aunty wa Majuu Anarudi Nyumbani, Lakini Bima Yake Hairudi Naye

Wasee wa Kegonga, na nyinyi wa Ntimaru, Kehancha na Isebania mnaonisoma, leo si mapenzi na si mpira. Leo nataka tuongee kitu ambacho watu wa umri wetu hukimbia: nani analipa hospitali mzee akistaafia nje ya nchi iliyomkatia bima?

Kabla useme hayo ni mambo ya wazee, fungua M-Pesa yako uangalie. Mwaka huu umetuma mia mbili mara ngapi, mia tano mara ngapi, kwa mchango wa hospitali ya mzee fulani kwenye grupu la familia? Hiyo ndiyo bima yake. Yaani wewe ndiye bima yake, na hakuna mtu alikuuliza kama uko tayari.

Kwetu hii stori ina pande mbili. Kuna wanaotoka majuu kurudi hapa, na kuna wanaotoka hapa kwenda kuishi ng'ambo ya mpaka, Tarime, mahali unaweza kufika kwa boda. Wote wanakutana na ukuta mmoja.

Nianze na shangazi yangu. Yuko Marekani zaidi ya miaka 20, amehudumia wazee wa watu kwenye nyumba za kutunzia wazee mpaka mgongo wake umeanza kulalamika. Mwakani anafikisha 65. Ana presha, ana kisukari. Nyumba yake hapa Kegonga imefika kwa mabati, na kila Jumapili kuna simu ya video: vigae rangi gani, geti la upande gani, tanki la maji liwekwe wapi. Nimekaa kwenye hizo simu nikihesabu. Vigae vimejadiliwa kuliko kitu kingine chochote. Insulini haijatajwa hata mara moja. Mjomba mmoja alisema hewa ya Kegonga itamshusha presha, watu wakacheka, simu ikaisha.

Sasa skia. Marekani wana bima ya serikali ya wazee, inaitwa Medicare. Kila mshahara, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.45 kwa ajili yake, na mwajiri anaweka kiasi hicho hicho. Ukifanya kazi na kukatwa kwa jumla ya miaka 10, ukifika 65 unapata sehemu ya kulazwa hospitali, Part A, bila kulipa ada ya mwezi. Sehemu ya daktari na vipimo, Part B, unalipia. Mwaka 2025 ada ya kawaida ilikuwa dola 185 kwa mwezi.

Uzuri unaishia hapo. Medicare, ukitoa hali chache sana, hailipi matibabu nje ya Marekani. Hailipi Nairobi, hailipi Migori, na kwa Kegonga hata usiulize. Miaka yote hiyo ya kukatwa mshahara, siku shangazi anashuka JKIA bima inabaki kule kwenye ndege ikisubiri abiria wa kurudi.

Halafu kuna mtego. Mtu akifika hapa anajiambia, kwani nalipa dola 185 kila mwezi za nini na sizitumii? Hiyo ni zaidi ya Sh280,000 kwa mwaka, unajenga nyumba ya wapangaji. Anaacha. Miaka mitano baadaye moyo unasumbua, anataka kurudi kutibiwa. Anakuta hawezi kujiandikisha siku yoyote anayotaka. Akiwa hana sababu maalum, anasubiri dirisha la Januari hadi Machi. Na kwa kila mwaka mzima aliokaa nje ya Part B anaongezewa asilimia 10 kwenye ada. Miaka mitano ni asilimia 50, na faini hiyo haiishi, inamfuata muda wote atakaokuwa na hiyo bima. Kwa hivyo kuacha Part B inaweza kuwa sawa na kuendelea kulipa inaweza kuwa sawa. Kitu kisicho sawa ni kuacha bila kujua ni mlango gani unaufunga.

Wenye watu Uingereza msicheke. Matibabu ya NHS yanafuata makazi, si pasipoti. Ukihamia Kenya kabisa, umeacha haki ya kutibiwa bure kama mkazi. Na pensheni ya serikali ya Uingereza ikilipwa Kenya haipandi kila mwaka kama inavyopanda kwa wanaobaki kule. Inaganda palepale ilipokuwa. Bei ya dawa kwenye duka la Kegonga nayo haijagandishwa na mtu.

Basi shangazi akija, atategemea nini? Jibu la haraka ni SHA. Tangu Oktoba 2024 ndiyo imechukua nafasi ya NHIF, ile iliyokuwepo tangu 1966. Sheria ya 2023 inasema kila mkazi wa Kenya ajiandikishe. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba na maisha yake, anakadiriwa, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, isipokuwa unalipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Tuseme mfumo umeona shangazi anaishi kama mtu wa Sh50,000 kwa mwezi. Hiyo ni Sh1,375 kwa mwezi, Sh16,500 kwa mwaka. Linganisha na zile dola. Kwa bei, SHA inashinda bila kutoa jasho.

Lakini kuna swali hakuna mtu amemuuliza shangazi: kitambulisho chako kiko wapi? Kabla ya katiba ya 27 Agosti 2010, Mkenya akichukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wa Kenya. Katiba mpya inamruhusu mzaliwa wa Kenya kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini yule aliyeupoteza zamani haurudi wenyewe, lazima aombe. Kuna wazee wa majuu wanatembea wakijiita Wakenya, na kwa karatasi ni wageni. Mgeni pia anaweza kuingia SHA akiwa anaishi hapa zaidi ya mwaka, ila kwa karatasi za mgeni. Hiyo safari ya ofisi unataka uifanye ukiwa mzima, si ukiwa kwa machela.

Na SHA inakulipia kwa viwango vyake, kwenye hospitali ilizo na mkataba nazo. Kusafisha damu figo zikifeli, kiwango ni Sh10,650 kwa kila kikao, na wengi wanahitaji angalau viwili kwa wiki. Bila bima hiyo ni zaidi ya Sh85,000 kwa wiki nne. Nataja figo kwa sababu kisukari na presha ndizo huziharibu zaidi, na hizo mbili shangazi anazo. Pia bima haileti daktari mlangoni. Ukitaka mtaalamu, unashuka Migori, ama unaenda Kisii, ama Kisumu, na watu wa moyo wengi wanaelekezwa Tenwek kule Bomet. Ukiwa na miaka 70 kwenye matatu, hiyo ni safari.

Kuna wanaosema chukua bima ya kampuni. Sawa, uliza mapema. Nyingi zina kikomo cha umri wa kujiunga mara ya kwanza, na ugonjwa uliokuja nao unaweza kuwekewa muda wa kusubiri ama kiwango kidogo. Mtu wa 60 ana milango mingi kuliko mtu wa 67.

Sasa tuvuke mpaka. Babu yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande huu. Alipostaafu akahamia kwa boma lake lingine upande wa Tarime, kwa ardhi ya ukoo. Kwake hajahama. Sisi Wanyabasi tuko pande zote mbili, na huo mstari Waingereza na Wajerumani waliuchora 1886 kwa rula kutoka Ziwa Victoria kushuka kuelekea pwani, bila kuuliza mtu wa Kuria ng'ombe wake hulala wapi. Lakini kwa bima, babu ni mstaafu anayeishi nchi ya kigeni.

Bima yake ya kazini iliisha alipostaafu. SHA alikuwa nayo, imelipwa. Mwaka jana akaanguka, nyonga ikavunjika. Hospitali ya kwanza kule ikataka pesa taslimu, na siilaumu, kwa kaunta ya Tanzania kadi ya SHA ni karatasi tu. Tanzania wana utaratibu wa kutibu bure wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, lakini huo ni wa wazee wao. Na cha kuumiza, mtumishi wa umma wa Tanzania aliyechangia NHIF ya kwao akistaafu huendelea kutibiwa, yeye na mwenzi wake. Babu angefundisha kilomita chache kusini, stori ingekuwa nyingine.

Tulilipa picha ya eksirei, tukapewa dawa ya maumivu, tukakunja kiti cha nyuma cha Probox, tukamlaza. Sirari, Isebania, mpaka Migori. Kila tuta alikuwa anafunga macho. Akaniuliza, "Mjukuu, mimi niko nyumbani. Mnanipeleka wapi?" Sikuwa na jibu fupi. Upande huu SHA ilifanya kazi yake na alifanyiwa upasuaji. Lakini zile saa za barabarani bima hakuna iliyozilipia, na maumivu alilipa yeye.

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010. Mtu anaruhusiwa kuvuka kutafuta kazi, bidhaa zinavuka, hata mahindi yetu yanavuka usiku na mchana. Lakini mchango wa bima wa babu hauvuki. Mimi naona hapo ndipo viongozi wa Migori na wa Mara wangeanzia, kabla ya kupiga picha wakishikana mikono mpakani. Hospitali mbili tu, moja kila upande, zikubaliane kudai malipo kwa bima ya mwenzake wakati wa dharura. Wazee wangapi wangeepuka kiti cha nyuma cha Probox?

Mpaka hilo lifanyike, kazi ni yetu. Na ninaposema yetu namaanisha sisi wa miaka 20 na kitu, tunaojua kubonyeza *147# na kusoma masharti kwenye simu. Wazee hawatauliza, kwa sababu kuuliza ni kama kujitabiria mabaya. Uliza wewe, kwa heshima.

Uliza maswali matatu. Kitambulisho chako cha Kenya kipo na kinafanya kazi? Ile bima ya huko unaiacha ama unaishikilia, na ukiiacha kurudi kunagharimu ngapi? Ukianguka usiku ukiwa kwa boma, tunakupeleka hospitali gani, upande gani, na nani analipa?

Mimi Jumapili hii nitamwambia shangazi ukweli wangu: vigae vingoje. Ashughulikie uraia kwanza, aingie SHA mwezi anaofika, na ile Part B aishikilie angalau miaka miwili ya kwanza, aone kama mwili wake unakubaliana na Kegonga. Mjomba atakasirika, ataniuliza kwani mimi ni nani kupanga maisha ya wakubwa. Nitamjibu polepole kwamba mimi ndiye nitakayetumiwa ile meseji ya mchango.

Nani mwingine ana mzee anarudi mwaka huu? Mpigie kabla hajakata tiketi.