Mji wa Kale, mahali ambapo njia huchagua gari

Msomaji mpenzi, siku utakapozuru Mombasa huenda ukatamani kuingia Mji wa Kale kwa gari. Nakushauri uliache karibu na Ngome ya Yesu, ushuke, uvae viatu vyepesi na kwenda kwa miguu. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilifika huko nikiwa ndani ya gari ambalo dereva wake aliapa kwamba halijashindwa na njia yoyote katika nchi hii. Siku hiyo lilishindwa na kichochoro.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Land Cruiser, mali ya mwajiri wa binamu yangu. Lilikuwa limetoka Tsavo asubuhi, na vumbi jekundu limelijaa hadi paani. Tulivuka Makupa, tukapita Mwembe Tayari, tukafika kwenye ngome hiyo ambayo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596. Tulikuwa twaenda Kibokoni kumjulia hali shangazi yetu. Binamu yangu alikata kona mbili tu, tukajikuta mahali ambapo vioo vya pembeni vilikuwa karibu kugusa kuta za nyumba. Nyuma yetu akasimama mzee mmoja na mkokoteni uliojaa mitungi ya maji.

"Wanangu," alituambia kwa upole, "gari lenu ni la porini. Huku ni mjini."

Binamu yangu alirudi kinyumenyume, jasho likimtiririka, huku watoto wakimwelekeza kwa kelele. Mzee naye alipita na mkokoteni wake bila kugusa ukuta. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatazama magari ya kisiwa hiki kwa makini, na leo ningependa tuyatazame pamoja.

Njia za watu na punda

Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, yapata kilomita 14 za mraba. Mji wa Kale uko upande wa mashariki, ukitazama bandari ya zamani ya majahazi. Njia yake maarufu ni Ndia Kuu, jina la Kimvita, na ukubwa wake ni wa enzi za watu waliokwenda kwa miguu. Vichochoro vinavyoingia humo viliachwa vyembamba, na kuta zikakaribiana hivi kwamba mchana kutwa kuna kivuli. Ilitosha watu wawili wapishane, au apite punda na mizigo yake. Hakuna aliyewazia gari.

Hata hivyo, watu wa humo hupika, hujenga na kuhama nyumba kama watu wengine, na mizigo yao yote lazima ipite. Ndipo ukaja mkokoteni. Ukikutana nao usiupite tu. Simama uutazame, kwani ni kazi ya ufundi.

Ekseli huwekwa karibu na katikati, chini ya ubao mrefu, na mizigo hupangwa pande zote mbili ili uzito wake ulale juu ya magurudumu. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji, lakini mikono ya hamali haibebi hata sehemu ndogo ya uzito huo. Kazi yake ni kuvuta na kuongoza. Akifika mteremkoni huinua mikono ya mkokoteni, mkia wake ukashuka, na kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa nyuma kikakwaruza barabara. Hiyo ndiyo breki. Kitu hicho hakikuchorwa na mhandisi wa kiwanda chochote. Njia yenyewe na uzito wa mizigo ndivyo vilivyokichora.

Gari la kusukumwa na watu

Ukitoka Ndia Kuu ukashika njia ya kwenda Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, utakuwa ukifuata safari ya gari jingine ambalo leo halipo. Mwaka 1890 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilianza kujenga reli nyembamba kutoka pwani, upana wake futi mbili tu kati ya chuma na chuma. Reli hiyo haikufika mbali, ikaachwa. Lakini vyuma havikutupwa. Vilitandazwa mitaani hapa kisiwani, na juu yake vikawekwa vitoroli vya magurudumu manne, vyenye viti na paa la kukinga jua.

Havikuwa na injini. Vilisukumwa na wanaume waliokuwa wakikimbia nyuma yake, huku abiria, aghalabu Mzungu, akiwa ameketi kivulini. Maofisa wengine wa serikali walikuwa na vitoroli vyao wenyewe na wasukumaji wao. Hata reli kubwa ya kwenda Uganda ilipoanza kutandazwa mwaka 1896, vitoroli viliendelea kufanya kazi mjini hadi miaka ya 1920, ambapo magari ya petroli yaliviondoa.

Nakukumbusha habari hizi, msomaji, ili uone kwamba kila gari huundwa kwa ajili ya mtu fulani. Kitoroli kiliundwa kwa ajili ya yule aliyeketi. Aliyekuwa akisukuma hakutengewa hata kivuli.

Ndugu wawili wa mwaka mmoja

Sasa turudi kwa lile gari la binamu yangu na kwa lile linaloonekana kila mahali Mombasa leo, tuktuk. Ukiyaweka pamoja utadhani hayana ujamaa wowote. Kumbe historia yao ni ya karibu sana.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, Ulaya ilikuwa na uhaba wa vyuma, fedha na magari. Kule Uingereza, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alitaka gari la shambani lisiloogopa matope. Chuma cha pua na cha kawaida kilikuwa adimu, hivyo mwili wake ukafanywa kwa aluminiamu, tena bapa, ili iwe rahisi kukunja. Gari hilo, Land Rover, lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili mwaka 1948. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1951, Toyota nayo ikaanza kuunda gari la aina hiyo, ambalo baadaye liliitwa Land Cruiser.

Mwaka huo huo wa 1948, kule Italia, kampuni ya Piaggio iliingiza sokoni kigari cha magurudumu matatu kiitwacho Ape, maana yake nyuki. Kilitokana na fikira za Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyewahi kuunda helikopta. Miji ya Italia nayo ina vichochoro vya kale, na wafanyabiashara wadogo hawakuwa na uwezo wa kununua lori. Wajukuu wa nyuki huyo ndio baadhi ya tuktuk zinazokupita leo pale Marikiti. Na kwa kuwa tumetaja Waitalia, hata Ngome ya Yesu ilichorwa na Mwitalia, Giovanni Battista Cairati.

Gari la porini huinuliwa juu ili tumbo lake lisigonge mawe. Fremu yake ni vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi, ili lipindwe na mashimo bila kuvunjika. Lina gia za ziada za mwendo wa polepole, na magurudumu yote manne yaweza kuvuta kwa pamoja. Tuktuk haina hata kimoja kati ya hivyo. Fahari yake ni wembamba, na gurudumu moja la mbele linaloiwezesha kugeuka mahali padogo. Yote mawili ni majibu mazuri, ila maswali yao hayakuwa sawa.

Usiku wa Kibokoni

Miezi michache baada ya ziara yetu, shangazi aliteleza ngazini usiku akavunjika nyonga. Tuliita ambulensi, na haikukawia. Lakini ilisimama pale pale tulipokwama sisi. Dereva alishuka, akatazama kichochoro, akatikisa kichwa. Alikuwa na msaidizi mmoja tu, na shangazi si mtu mwepesi.

Kijana mmoja wa mtaa akaleta tuktuk hadi mlangoni. Tukashukuru, kisha tukaona kwamba haifai. Mtu aliyevunjika nyonga hawezi kuketi, na kiti cha nyuma hakimtoshi mtu mzima kulala. Ambulensi ilimtosha mgonjwa lakini haikuitosha njia. Tuktuk iliitosha njia lakini haikumtosha mgonjwa.

Aliyetuokoa ni yule mzee wa maji. Alisikia kelele akaja na mkokoteni wake, tukatandika godoro juu ya ubao, tukamlaza shangazi na kumfunga kwa leso. Mzee alivuta hatua kwa hatua, sisi tukishika pande zote mbili. Lakini mkokoteni hauna springi. Kila jiwe liligonga gurudumu, gurudumu likagonga ekseli, na ekseli ikamgonga shangazi. Kilio chake bado nakisikia.

"Pole, dadangu," mzee alikuwa akimwambia kila mara. "Pole, tumefika."

Shangazi alipona. Sasa anatembea kwa mkongojo, na ukimwambia ahamie bara atakufukuza nyumbani kwake. Husema hawezi kuiacha nyumba ya mamake kwa sababu gari la hospitali ni nene.

Nami naona ana haki. Nenda Kilindini uone magari yakishushwa melini. Vuka Makupa hadi Miritini, ambako tangu miaka ya 1970 kuna kiwanda cha kuunganisha magari, na Land Cruiser za kazi ni miongoni mwa yaliyounganishwa hapo. Mafundi wetu wa jua kali nao hukata paa la gari na kuliinua ili watalii wasimame kutazama ndovu. Basi ujuzi tunao. Kule Malawi na Sudan Kusini, pikipiki zenye kitanda ubavuni zimetumika kuwapeleka wajawazito hospitalini mahali ambapo gari la kawaida hupata taabu kufika. Je, ni vigumu kiasi gani kuunda kigari chembamba kama tuktuk, kirefu kama mkokoteni, chenye springi laini na kitanda kimoja? Na kingine cha kubeba pampu ya kuzimia moto?

Kwa hivyo, msomaji, ukifika Mji wa Kale tembea polepole. Tazama milango ya nakshi, nusa kahawa, na ukisikia mkokoteni ukija nyuma yako, sogea ukutani umpishe hamali. Huenda anapeleka maji, na huenda anampeleka shangazi ya mtu.