Safu ya Baba

Shangazi alikaa na kichupa mkononi karibu saa nzima. Masharti yalisema mtu asile wala asinywe kitu nusu saa kabla, naye chai ya alasiri hajawahi kuikosa. Mate yenyewe, kwa umri ule, hayaji kwa kuitwa. "Mimi mate humtemea mtoto nikimbariki," alinung'unika, "leo nayatuma Ulaya." Mwishowe yakafika kwenye mstari. Nikafunga kifuniko, akadai chai yake.

Tulimchagua yeye apimwe DNA kwa kuwa ndiye aliye karibu zaidi na marehemu babu yake. Mjukuu hubeba kama robo ya DNA ya babu. Mimi kitukuu nimebakiwa na nusu ya hiyo. Babu huyo aliteremshwa Frere Town, Kisauni, akiwa mtoto, kutoka jahazi lililokamatwa na manowari ya Waingereza. Wamisionari wa CMS walikianzisha kijiji hicho mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, miaka miwili baada ya Sultani Barghash kukubali kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Kwenye daftari la ubatizo ana jina jipya, na safu ya baba ina kistari. Mama hakutengewa hata safu.

Majibu yakaja na orodha ya watu wenye vipande vya DNA sawa na vya Shangazi, wengi wao wa mbali mno. Mmoja, binti anayesoma Kanada, alikuwa na sentimogani 82, kipimo cha urefu wa vipande hivyo. Nikamwandikia. Akanijibu kwamba bibi yake mzaa mama yuko Masasi, ni Mmakua, na kumbukumbu bado anazo.

Sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wa Lunga Lunga kuingia Tanzania. Nikalala Dar es Salaam usiku mmoja, alfajiri nikapanda basi la kusini. Nilipouliza steji ya kushukia, konda akawatangazia abiria kwamba leo tuna Mkenya. Tukavuka Daraja la Mkapa, Rufiji chini yetu ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Baada ya Mingoyo ni mikorosho, kisha mikorosho tena, hadi majabali ya Masasi yalipochomoza, makubwa na meusi. Mwaka 1876 Askofu Steere alifika hapa na kundi la waliokombolewa kutoka Unguja, akiwapeleka upande wa Ziwa Nyasa. Wakapapenda, wakabaki. Lilinichoma kidogo hilo: wao waliletwa hapa, na mtoto wetu akashushwa Kisauni.

Nilimwamkia bibi, akaniketisha mkekani, na kabla sijafungua begi akauliza, "Nihimo lako lipi?"

Nihimo ndio ukoo wa Wamakua, na hupitia kwa mama. Nikaanza kumweleza upande wa baba. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa. Hapo ndipo nilipoelewa ubovu wa vichupa vyetu. Kuna DNA ambayo mama huwapa watoto wake wote, lakini mabinti peke yao ndio huipeleka mbele. Babu aliipata, ikaishia kwake. Kisauni nzima hakuna aliyeirithi.

Bibi, kama hesabu yetu ni sawa, anayo. Bibi yake mzaa mama alikuwa akimtaja kaka aliyekwenda kutega ndege bonde la Lukuledi asirudi. Huenda ni mtoto mwingine, maana misafara ya kwenda Kilwa ilichukua wengi. Lakini zile 82 zilinikalisha pale mkekani.

Akanitajia jina la mama wa watoto wale, na nihimo lake.

"Na baba yao?" nikauliza, kalamu tayari.

Akafikiri. "Yule alikuja kuoa tu."

Akanirudisha kwenye nihimo, nilitamke mara ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka wajukuu wakaacha kucheka. Nikampigia Shangazi, mtandao ukakata. Kesho yake nikalikariri ndani ya basi mpaka Dar es Salaam.