Maswali Niliyosahau Kuuliza

Najua nimeadimika. Kuna mliouliza kama nimeacha kalamu, na mmoja akadai eti nimepata kazi serikalini ndiyo maana nimenyamaza. Hapana bwana, bado napanda daladala na bado mhariri ananifokea. Nilikuwa nauguza, halafu nikawa nazika. Mama mkubwa, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, alifariki mwaka jana.

Sikukusudia kuandika habari zake hapa. Ila tangu arobaini ipite nimepigiwa simu na marafiki watatu kwa nyakati tofauti, wote wana mgonjwa nyumbani, na wote wanauliza kitu kimoja: "Mlijuaje watu gani wazuri wa kumhudumia?" Jibu la kweli ni kwamba hatukujua. Tulikosea kwanza, na aliyekosea ni mimi.

Mama mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mstaafu, mtu wa Muheza aliyehamia Dar zamani. Kama ulifundishwa na walimu wa kizazi chake unawajua: kalamu nyekundu haitoki mkononi. Hata barua ya harusi akiletewa alikuwa anasahihisha tahajia kabla hajatoa mchango.

Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Hii ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko zote hapa nchini, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshasambaa. Naye alikuwa hivyo hivyo. Alipata mionzi, akapata nafuu, ikarudi. Siku moja daktari akatuita mimi na dada yangu pembeni, akasema, "Hakuna zaidi tunachoweza kufanya. Mpelekeni nyumbani."

Sentensi hiyo nimeitafakari sana. Haikuwa kweli. Kulikuwa na mengi ya kufanya, ila hayakuwa ya kuponya.

Haya. Katika familia yetu mimi ndiye msomi wa chuo kikuu na mwandishi wa habari, kwa hiyo kazi ya kutafuta watu wa kuja kumhudumia nyumbani nikapewa mimi. "Wewe si ndiye unayehoji mawaziri?" dada akasema. Nikachukua daftari langu la kazini nikaenda.

Nikapata sehemu moja. Sitaitaja jina, na haina haja. Jengo zuri, vigae vinang'aa, kiyoyozi, msichana wa mapokezi mwenye tabasamu, gari jeupe limeegeshwa mlangoni. Wakanipa kipeperushi chenye picha ya muuguzi ameshika mkono wa bibi kizee. Chini kimeandikwa "Tupo nawe saa 24". Nikaandika daftarini mambo tisa mazuri. Namba moja: usafi. Namba mbili: gari. Namba tatu: lugha nzuri. Na kadhalika. Tukalipa laki nne za mwezi wa kwanza, tulizochangishana, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Muuguzi wao alikuja Jumanne na Alhamisi. Alipima presha, akapima homa, akaandika kwenye fomu, akaacha vidonge vya parasetamoli na vingine vya maumivu vyenye nguvu kidogo. Akaondoka.

Jumamosi usiku maumivu yakamvamia. Ndugu zangu, nimeripoti ajali za barabarani, nimeripoti moto sokoni, lakini sijawahi kuona kitu kama kile. Mama mkubwa aling'ata kanga ili majirani wasimsikie. Mwalimu huyo, asije akasikiwa na wazazi wa wanafunzi wake! Nikapiga ile simu ya saa 24. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mara ya saba akapokea mlinzi, akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, wahusika wataingia Jumatatu."

Kulipokucha alikuwa amechoka kiasi kwamba maumivu yenyewe yalikuwa kama yamemsahau. Akaniita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini. Akasema, "Baba, uliwauliza usiku wanafanyaje?"

Nikasema sikuuliza.

"Uliwauliza wana dawa gani maumivu yakizidi?"

Sikuuliza.

Akaomba lile daftari. Akasoma mambo yangu tisa, akaomba kalamu. Nikampa ya bluu, akaikataa. Dada akaleta nyekundu. Akaandika chini: 2/10. Hujajibu swali. Rudia.

Nilicheka, halafu nikaenda uani nikalia. Mimi mtu ninayelipwa mshahara kwa kuuliza maswali, siku niliyotakiwa kuuliza ya maana nilihesabu vigae.

Basi nikarudia, safari hii kama kazi ya kweli. Nikaanza na kuelewa ninachotafuta ni nini. Madaktari wetu wanaiita tiba shufaa, na vituo vyake wengi wanaviita hospisi. Mimi nilidhani hospisi ni jengo ambamo watu wanakwenda kufia. Kumbe siyo. Mwingereza Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi na baadaye akasomea udaktari, alifungua St Christopher's huko London mwaka 1967 akiwa na hoja moja: maumivu ya mgonjwa mahututi hayako mwilini peke yake. Yako akilini, yako kwenye familia na pesa, yako rohoni. Usipoyagusa yote, dawa inafanya nusu ya kazi.

Na hoja hiyo haikuchelewa sana kufika kwetu. Harare walianza mwaka 1979, Nairobi 1990, Kampala 1993. Hapa kwetu hospitali ya Selian kule Arusha ilianza huduma hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, na Muheza, nyumbani kwao mama mkubwa, nako ikafika miaka ya mwanzo ya 2000. Katika Afrika sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani kwa mgonjwa, siyo kwenye vitanda vya kituo. Kwa hiyo vigae vyangu havikuwa na maana tangu mwanzo.

Cha pili nilichojifunza ni mofini. Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi yake ya dawa za maumivu ya saratani mwaka 1986, hatua tatu: kwanza za kawaida kama parasetamoli, kisha zenye nguvu kiasi, na juu kabisa mofini. Ya kunywa hutengenezwa kwa unga unaochanganywa na maji, na si dawa ya gharama kubwa. Ila inalindwa kwa sheria, siyo kila mtu anaruhusiwa kuwa nayo. Wale wa vigae hawakuwa nayo. Walikuwa na hatua mbili za ngazi, mgonjwa wetu yuko ya tatu, na hawakutuambia.

Sehemu ya pili nilielekezwa na daktari mmoja niliyewahi kumhoji. Chumba kimoja nyuma ya zahanati, viti vya plastiki, feni inapiga kelele. Siku ile ile jioni muuguzi wao, mama wa makamo, akaja kwa bajaji na mkoba begani. Nikamlaki mlangoni nikaanza kumweleza historia ya ugonjwa. Akanisikiliza kidogo, akasema, "Ahsante mwanangu. Sasa naomba nizungumze na mwenyewe."

Akakaa kitandani. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

Akafumba ngumi, akamwonyesha. "Ngumi ni kwamba huna maumivu hata kidogo. Kidole kimoja, kidogo. Vidole vitano, ndiyo mabaya kuliko yote. Siku tatu hizi yamekuwaje?"

Mama mkubwa akanyanyua mkono wake wote, vidole vitano. Halafu akanyanyua na mkono wa pili.

Yule mama hakupima presha kwanza. Akapima dawa. Kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi mara mbili ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Papo hapo akatoa na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini inafunga choo, na asiyekupa zote mbili hajui kazi yake. Dada akauliza lile swali tunalouliza wote: hatakuwa teja? Akajibu bila kucheka kwamba dawa hiyo ikitumika kwa kipimo, kwa maumivu ya kweli, chini ya uangalizi, haimfanyi mgonjwa kuwa teja. Akaacha namba ya simu. Saa tano usiku nikaipiga kwa makusudi, kuhakiki. Akapokea yeye mwenyewe! Nikaona haya, nikabuni swali la dozi.

Siku ya tatu mama mkubwa alionyesha vidole viwili.

Lakini kilichonishangaza zaidi siyo maumivu. Mnajua, ugonjwa ule una harufu. Naomba mnivumilie, tusidanganyane, watu wanajificha kwa sababu ya harufu kuliko kwa sababu ya maumivu. Mama mkubwa alikuwa amekataa wageni wiki tatu, akisema amechoka. Muuguzi aliingia, akafunga mlango, wakazungumza wanawake wawili. Dawa aliyoitumia ni metronidazoli, vidonge vya kawaida kabisa vinavyouzwa kila duka la dawa. Baada ya siku chache harufu ikapungua sana. Jumapili iliyofuata mama mkubwa akasema, "Waambie waje." Wakaja walimu wenzake sita na chapati.

Siku nyingine akamuuliza, "Mwalimu, kuna jambo linalokunyima raha?" Sisi tulidhani ni kifo. Kumbe ni daftari la kikoba! Alikuwa mweka hazina wa kina mama wa mtaani, na hesabu za miezi miwili hazijafungwa. Alikuwa analala na pesa za watu chini ya godoro, anaogopa kufa akiitwa mwizi. Tukamwita mwenyekiti wao, hesabu zikafungwa kitandani, tofauti ya shilingi mia tano akailipa mfukoni mwake. Usiku ule alilala kuliko usiku wa mofini.

Msije mkadhani hawakuwa na kasoro. Kuna wiki dawa ilichelewa kufika kwao. Ila walitupigia siku moja kabla, wakaeleza, wakapanga ya dharura kwa mgonjwa mwenzetu wa jirani. Tofauti ya mzuri na mbaya nimeiona hapo. Wote wawili watakwama siku moja, mmoja atakuambia mapema na mwingine atakuachia mlinzi.

Alifariki alfajiri ya Ijumaa, akiwa kwake, dada ameshika mkono, shehe wa mtaani alikuwa ameshapita jana yake. Wiki moja baada ya mazishi yule muuguzi akaja tena kwa bajaji. Nikadhani kuna deni. Hapana. Alimuuliza dada, "Unalala?" Dada akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Baadaye ndiyo nikajua maswali yake hayakuwa ya kubahatisha. Kuna kipimo cha Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, chama kilichozinduliwa Arusha mwaka 2004. Kina maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza, majibu ni sifuri hadi tano, kama vile vidole. Kinauliza maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, kama mgonjwa anaweza kumweleza mtu anavyojisikia, kama ana amani. Na kwa familia: mmepewa maelezo ya kutosha? Mnajiamini kumuuguza? Hakuna swali la vigae.

Kwa hiyo marafiki zangu watatu, na wengine wenye mgonjwa ndani, nendeni na haya:

1. Mna mofini ya kunywa? Kama hamna, mgonjwa akifika huko mnampeleka kwa nani?

2. Saa nane usiku wa Jumamosi nikipiga, nani anapokea? Usiamini jibu. Piga.

3. Mkitupa dawa ya maumivu, mnatupa na ya choo?

4. Mtu atakayekuja leo ndiye atakayekuja wiki ijayo, au kila siku sura mpya?

5. Mtatufundisha sisi tunaomuuguza kumgeuza, kumwosha, kumpa dawa?

6. Dawa ikichelewa mtatuambia lini?

7. Akishafariki, mtarudi?

Halafu waangalie siku ya kwanza wanaanza kuzungumza na nani, na wewe unayelipa au na aliyelala kitandani.

Lile daftari ninalo mpaka leo. Sikuwahi kumrudishia mama mkubwa asahihishe upya, nilikuwa naona aibu na muda ukatuacha. Kuna siku tu, wiki mbili kabla hajaondoka, nilimuuliza wale wa viti vya plastiki angewapa ngapi. Akafikiri kama mwalimu anavyofikiri, akaniambia nane. Nikauliza mbili wamezipotezea wapi. Akasema, "Moja ile bajaji, ina kelele. Nyingine ulichelewa kuwaleta."

Haya ndugu zangu. Kama una mgonjwa, usingoje Jumatatu.